Kola Moja Inatosha

"Umekula au umemung'unya?" mama aliuliza langoni mwa chuo.

"Nimekula, mama."

"Fungua mdomo nione."

Mrefu alicheka, akafungua. Mama yake alikuwa dobi asiyependa maneno mengi. Mwaka jana Mrefu alipoanguka bwenini, mama alimrudisha nyumbani, akampeleka kliniki, akamlisha na kumlaza kama mtoto mchanga. Leo Mrefu alikuwa anarudia mtihani wa ushonaji: kola ya shati, asubuhi moja. Akifeli, chuo hakimpokei tena.

Mlangoni mwa karakana alisimama Chaji. Vidonge ambavyo daktari huwaandikia watu wasioweza kutulia, yeye aliviuza kama pipi.

"Mrefu, umerudi! Chukua kimoja, cha makaribisho."

Mate yalimjaa Mrefu mdomoni. Akayameza. "Nimeshiba," akasema, akapita.

Zamani vidonge vile vilimpa nguvu ya kukaa kwenye cherehani bila kula wala kulala, ila vilimnyima akili ya kuacha. Mwaka jana alishona kola, akaifumua, akashona, akafumua, mpaka kitambaa kikachanika mikononi.

Sasa, kwenye mtihani, ncha ya kushoto ya kola ilitoka nene kuliko ya kulia. Mkono ukaruka kwenye wembe wa kufumulia. Pembeni, wenzake walikanyaga cherehani macho yamewatoka. Msimamizi aliyajua macho yale ya vidonge, wala hayakumkosesha usingizi.

"Unakwenda polepole kama mgonjwa," alimwambia Mrefu. "Wenzako wana mbinu zao. Chuo kinataka matokeo."

"Matokeo ya mbinu hizo ndiyo mimi, mwalimu. Mwaka jana mlinitoa hapa kwa blanketi."

Cherehani mbili tatu zilinyamaza.

Mrefu alifumua ncha ile peke yake. Akapunguza kitambaa cha ndani, akageuza, akapiga pasi. Bado ilizidi kidogo, kama unywele. Mkono ukautaka wembe tena. Akauweka mkono chini ya paja, akaukalia.

"Nimemaliza!" alisema kwa sauti.

Mtahini kutoka nje ya chuo aliikunja kola, akaivuta, akailinganisha na rula.

"Si nzuri kuliko zote," alisema. "Lakini ni kola, na itavaliwa. Umefaulu."

Mrefu alitaka kupiga kelele, akajizuia. Alipokuwa akikusanya mkasi na uzi wake, alimwona jirani yake, msichana mdogo mwenye midomo iliyokauka, akifumua kola ambayo haikuwa na kasoro yoyote. Aliinama, akamshika mkono.

"Imetosha, mdogo wangu. Peleka."

"Hairuhusiwi kuzungumza!" msimamizi alifoka. "Nitakuandikia ripoti!"

"Andika, mwalimu. Na macho yao pia uyaandike."

Mtahini alinyanyua kichwa. Akamtazama msimamizi, kisha akaanza kuyatazama macho ya wanafunzi, mmoja baada ya mwingine.

Msichana akautua wembe. Akakata uzi, akasimama na kola yake mkononi.