Mzima Kuondoka, Mzima Kufika

Kila siku ya kazi, saa moja na nusu asubuhi, askari wa kituo alifungua kitabu cha safari, akapiga mistari kwa rula, na mbele ya kila jina akaandika neno "mzima" mara mbili. Mara ya kwanza katika safu ya Hali Wakati wa Kuondoka, mara ya pili katika safu ya Hali Wakati wa Kufika. Mahabusu walikuwa bado wamechuchumaa uani wakisubiri kufungwa pingu. Karandinga, lile gari la kuwapeleka rumande, lilikuwa halijawashwa. Lakini kitabuni wote walikuwa wamekwisha kufika salama.

Desturi hiyo aliikuta. Sajini wa kaunta alimfundisha siku ya kwanza: "Barabarani hakuna meza, na kule gerezani wana haraka utadhani wanafukuzwa. Jaza safu zote hapahapa, ukifika usainiwe tu." Ukutani nyuma ya Sajini palibandikwa methali isemayo Mali bila daftari hupotea bila habari. Na kwa kuwa askari huyu alikuwa na mwandiko mzuri ajabu, herufi zimesimama wima kama askari wa gwaride, kitabu akaachiwa yeye. Kituo kizima kilimwita Mwandiko, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwenye kitambulisho.

Fundi cherehani aliletwa Jumatatu moja. Mteja alimpelekea kitambaa amshonee mapazia, kitambaa kikagundulika ni cha wizi. Mteja hakuonekana, fundi alionekana. Pale kaunta walimvua mkanda, wakamtoa kamba za viatu, wakachukua na kile kidude chake cha kuvuta dawa ya pumu, vyote wakavitia kwenye bahasha ya kaki.

"Afande, mkanda chukueni," fundi alimwambia Sajini. "Hiyo dawa naomba nibaki nayo. Kifua changu hakina adabu."

"Utaipata ukifika."

Mwandiko aliandika jina lake juu ya bahasha. Fundi aliyatazama maandishi yale kwa jicho la mtu anayejua mshono. "Dada, mkono wako umenyooka," alimwambia. Kesho yake asubuhi akaandikwa mzima, mzima.

Safari ilichukua saa tatu. Nyuma ya karandinga mlikuwa na mabenchi mawili ya chuma na vidirisha viwili vya wavu, kimoja kikiwa kimezibwa kwa bati tangu mahabusu fulani arushe barua nje. Siku hiyo fundi alikuwa peke yake. Mbele walikaa Dereva, mzee aliyebakiza miaka miwili astaafu, na Mwandiko mwenye kitabu mapajani. Bahasha ilikuwa juu ya dashibodi. Kanuni ilisema mlango haufunguliwi njiani, maana mahabusu hutoroka, na juu ya kanuni hiyo Dereva aliongeza yake: "Akigonga mara moja ana haja ndogo. Akigonga mara mbili anaigiza."

Kwenye kona ya machimbo ya mawe fundi aligonga mara tatu.

"Tatu ni nini?" Mwandiko aliuliza.

"Tatu haijawahi kuwepo," Dereva alisema, akaongeza sauti ya redio.

Fundi akagonga tena, kwa mpangilio, kisha bila mpangilio. Nusu ya njia walisimama kunywa chai. Kivuli pekee kilikuwa kimekaliwa na lori la vitunguu, kwa hiyo karandinga likaachwa juani. Mwandiko alisikia kishindo kimoja akiwa na kikombe mdomoni. Alikishusha, akamtazama Dereva.

"Sasa amelala," Dereva alisema.

Mwandiko akakinyanyua kikombe. Kutoka kwenye dashibodi hadi mlango wa nyuma palikuwa na hatua sita.

Walipofungua kule gerezani, fundi alikuwa ameketi macho wazi, mdomo umegusana na wavu, hapumui. Mpokeaji wa gereza alikuja na muhuri wake. Alimshika fundi mkono, akasoma kitabu, akamshika tena.

"Kitabu kinasema mzima," alisema. "Huyu amekufa. Sasa nisaini kilichoandikwa au ninachokiona?"

"Kilichoandikwa," Dereva alijibu.

"Basi nileteeni kilichoandikwa." Akaondoka na muhuri wake.

Wakampeleka chumba cha maiti cha hospitali. Mhudumu wa pale alikuwa mtu mpole mwenye buti za mpira. Alisoma safu ya kwanza, akasoma ya pili, akawarudishia kitabu kwa mikono miwili. "Poleni sana," alisema. "Hapa hatupokei wazima."

Ikabidi warudi naye. Kwenye kona ya machimbo aligonga mara tatu. Hawakufungua, kwa sababu kanuni ya mlango haikuwatenga waliokufa. Kituoni alishuka kwa miguu yake, mwili wa baridi, kifua kimetulia tuli, akamwamkia Sajini.

"Nimefika, afande?"

Sajini aliangalia kitabu. "Bado. Hujasainiwa."

"Na dawa yangu?"

"Ukifika."

Asubuhi alipandishwa tena, na kesho yake tena, na miezi saba ikapita hivyo. Kila siku ya kazi gereza lilimkataa kwa kuwa amekufa na hospitali ikamkataa kwa kuwa ni mzima. Mahabusu wengine walimzoea. Walisema ni mtu mzuri kukaa naye, hagombanii hewa. Dereva alinung'unika jambo moja tu, kwamba zile ngumi tatu zilikuwa zinamharibia taarifa ya habari. Kisha mkaguzi akaja kutoka makao makuu, akapekua kitabu ukurasa kwa ukurasa, akaona mwaka mzima hakuna mahabusu aliyefia njiani, akaacha cheti chenye fremu. Sajini alikitundika chini ya methali yake, akampigia Mwandiko makofi mbele ya wenzake. "Chanda chema huvikwa pete," alisema. Mwandiko alisema asante afande, akaenda bombani, akanawa mikono muda mrefu.

Mama wa fundi alikuja getini kila asubuhi na shati lililopigwa pasi. Shati halikuruhusiwa kuingia. Sajini alimjibu vilevile siku zote: "Mwanao mzima, mama."

"Mzima gani huyo, baba?" mama alisema. "Kama ni mzima, mwacheni aje ale. Kama amekufa, nipeni nimzike. Kaburi tulilichimba wiki ya kwanza. Limeota majani tukafyeka, limeota tena tukafyeka tena. Mnataka nifyeke hadi lini?"

Karandinga lilipokuwa likitoka, mama alimwona mwanawe kwenye wavu. Waliangaliana mpaka gari likakata kona. Hakuna aliyewahi kuona mama yule akilia, labda kwa sababu anayelia ni yule aliyekwisha kuambiwa.

Siku moja alimshika Mwandiko mkono wa shati. "Binti yangu, wanasema mkono ulioandika ni wako."

"Ni wangu, mama."

"Neno moja tu. Lifute."

"Nitazungumza na afande, mama."

"Zungumza na kalamu, mwanangu."

Alizungumza na afande. Alikwenda na kitabu kimefunguliwa ukurasa wa siku ile na kalamu nyekundu mkononi, maana sahihisho lisilo na sahihi ya Sajini halikuwa sahihisho. Sajini alimsikiliza kwa utaratibu, kama mzazi.

"Kuteleza si kuanguka," alisema. "Lakini ukifuta hilo moja, mtu atakuuliza uliliandika saa ngapi. Utasema asubuhi, kabla ya safari. Naye atafunua ukurasa wa nyuma, na wa nyuma yake. Kitabu kizima kimeandikwa asubuhi, Mwandiko." Alichukua kalamu nyekundu, akaifunika. "Pale kwenye nyumba za kituo unakaa na watoto wangapi vile?"

"Wawili, afande."

"Nisalimie."

Mwandiko aliogopa. Aliogopa kufukuzwa kazi, akaogopa watoto kutolewa vyombo nje, akaogopa kesi. Lakini zaidi ya yote aliogopa kupandishwa siku moja kwenye benchi lile, upande ule wa bati, na aliona aibu kwamba katika hofu zake zote hiyo ndiyo iliyomkosesha usingizi.

Alhamisi aliomba akae nyuma na mahabusu. Fundi alikuwa peke yake tena siku hiyo. Mwandiko aliitoa bahasha kwenye dashibodi, jua lilikuwa limefifisha wino wake, akaikumbatia.

"Huko nyuma kuna joto," Dereva alimwambia.

"Najua."

"Hujui," Dereva alisema, akafunga kwa nje.

Ndani mlinuka kutu na jasho la watu waliokwisha kushuka. Kabla gari halijatoka mjini nguo za Mwandiko zilikuwa zimemganda mwilini. Alimpa fundi dawa yake. Fundi alikitikisa kile kidude kama wenye pumu wanavyofanya bila kufikiri, akakitia mdomoni, akabonyeza. Dawa ikatoka, ikajaa mdomoni, ikarudi nje taratibu, kwa kuwa hapakuwa na kifua cha kuivuta. Alikigeuza kidude mkononi akakikagua.

"Kizima," alisema. "Kilikuwa kinafanya kazi. Asante, dada."

Walipokaribia machimbo, Mwandiko alianza kuitafuta hewa. Aliusogelea wavu, hewa iliyoingia ilikuwa ya moto na vumbi. Fundi aligeukia ukuta wa chuma unaotenganisha nyuma na mbele, akagonga mara tatu. Mahali pale rangi ilikuwa imetoka, chuma kinang'aa kwa upana wa ngumi. Kumbe kwa ndani tatu haikuwa fumbo. Mtu yeyote angegonga hivyo. Mwandiko naye akagonga, kwa ngumi zote mbili, mpaka vidole vikachubuka.

"Fungua!" alipiga kelele. "Fungua, ni mimi!"

Mbele, redio ikapandishwa sauti. Zilikuwa zimebaki saa mbili.

"Hata mimi nilisema hivyohivyo," fundi alimwambia kwa upole. "Nilisema, ni mimi."

Gerezani Mwandiko alishuka, akatapika kando ya gurudumu, akakaa chini. Dereva alimletea maji ya kunywa, akachuchumaa karibu naye, na uso wake ulikuwa wa mtu anayetaka kusema kitu kingine.

"Nilisikia mnagonga wawili," alisema. "Kwa wawili sikujua nifanyeje."

Mpokeaji alitoka na muhuri, akamshika fundi mkono, akasoma kitabu, akarudi ndani.

Ijumaa, saa moja na nusu asubuhi, Mwandiko alifunga plasta kwenye vidole, akapiga mistari kwa rula. Kulikuwa na mahabusu wanne na fundi wa tano. Wa mwisho kwenye orodha alikuwa mwanamke mjamzito wa miezi minane, amesimama mbele ya kaunta mkono kiunoni.

"Afande dada," alisema, "nina presha tangu mimba hii ishike. Daktari kanipa vidonge, saa nne lazima nimeze. Vimo humo kwenye bahasha."

Mwandiko aliandika mzima katika safu ya kwanza. Kalamu ikasimama mlangoni mwa safu ya pili. Aliitazama nafasi ile tupu, nyeupe, ndogo kuliko kidole gumba. Getini alimwona mama wa fundi na shati lake. Nyuma yake Sajini alikohoa kidogo, kikohozi cha mtu asiye na mafua.

"Utavipata ukifika," Mwandiko alisema, akaandika neno la pili. Herufi zilisimama wima. Kwa aliyekuwa tumboni hapakuwa na safu.

Walipopandishwa, fundi alimtazama yule mwanamke, akatazama tumbo lake, akainuka kutoka mahali pake pa miezi saba penye wavu, akahamia upande wa bati.

"Kaa hapa, mama," alimwambia. "Mimi hewa siitumii."

Dereva alifunga mlango, akaivuta kufuli kuhakikisha imeshika, akapanda mbele. Aliwasha redio kwanza, kisha akawasha gari.