Simu Inapolala

Wewe uliona. Uliona magodoro yamefungwa kamba juu ya pikapu pale Mwiki, ukaona sufuria nyeusi na kuku kwenye kikapu, ukarudisha macho kwenye simu yako. Ukasema, hao wanarudi ushago, huko mboga ni za bure. Haya, kaa hapo usikilize mboga hizo ziliishia wapi.

Ofisi aliyofanyia kazi Tabby ilikuwa Ruiru, juu ya duka la mabati, na kazi yenyewe ilikuwa kufuatilia watu wanaohama. Kompyuta ilikusanya waliyoandika na picha walizoweka mitandaoni, ikaangalia simu zao ziko wapi, kisha ikasema: huyu ametoka mjini, amerudi mashambani. Sheria ilikuwa moja tu. Simu inapolala, ndipo mwenyewe anapoishi. Tabby alikunywa chai kwenye kikombe kilichovunjika mkono, akasoma kilichoandikwa na kompyuta, akabonyeza "kubali", akaenda kwa mwingine.

Alasiri, data mpya ilipoingia, waliohama walipita. Walitokea chumba cha mashine, karibu na choo, wamebeba vitu vyao, wakakatiza katikati ya meza na kutokea mlango wa jikoni. Muasya, bawabu, alikuwa ametandika gunia hapo wafute miguu. Meneja wa ofisi, Eddie, alilalamika mara moja tu, kwamba vitanda vinakwaruza ukuta. Meza zikasogezwa.

"Hebu nishikie, mummy," mama mmoja wa Mwiki aitwaye Akello alimwambia Tabby siku moja, akimpa jiko la kupikia chapati. "Nifunge leso vizuri."

"Unaenda wapi?"

"Bondo. Landlord amebeba mlango juu ya kodi. Nitalalaje na mlango wazi kama niko stage?"

"Na huko utafanya nini?"

"Nitakaa. Kwani kukaa si kazi?" Akacheka hadi wenzake wa safari wakacheka, akachukua jiko lake, akaenda.

Kwa kuwa Akello aliweka picha akicheka, kompyuta iliandika: amerudi kwa hiari, ana matumaini. Tabby akakubali. Mikono yake ilinuka mafuta ya chapati mpaka kesho yake.

Alhamisi moja akapita Gerishon, mdogo wake. Gerishon alikuwa amezikwa Ngoliba tangu mvua ya masika. Hakubeba kitu. Alivaa suti ya kahawia waliyomzika nayo, na zile buti za kiwandani ambazo Tabby alikataa zisiingie kaburini na mama yao akaziingiza.

Alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha nyuzi, Eneo la Viwanda Thika, mpaka vumbi la pamba likamjaa kifuani. Siku lango lilipofungwa, yeye na wenzake waliambiwa waende nyumbani wapumzike, wataitwa. Ngoliba wanayajua maneno hayo. Waliambiwa baba zao kwenye mashamba ya mkonge, kwa sauti ile ile ya upole, na wapo wazee ambao hata leo wakisikia gari barabarani huinua kichwa.

"Sasa, Tabby."

"Poa. Umefuta miguu?"

"Nimefuta."

"Maitu ako aje?" Tabby akamuulizia mama yao.

"Ako tu. Mahindi yamekauka." Akakohoa kwenye ngumi. "Wacha niende. Ni mbali."

Akatoka kwa mlango wa jikoni. Sakafuni zilibaki nyuzi nyeupe za pamba, na Muasya akazifagia.

Tabby akarudi kwenye kompyuta kumtafuta. Simu ya Gerishon ililala Ngoliba, kwa mama yao, aliyeichaji kwa sola na kuitumia kupiga picha ya kitu kimoja kila jioni: kaburi la mwanawe, udongo uliolainishwa kwa mkono, maua ya njano pembeni. Picha zilienda kwenye ukurasa wa Gerishon, kwa kuwa simu haikujua ukurasa mwingine. Kompyuta ilitazama udongo, ikatazama maua, ikaandika: shamba jipya, limepaliliwa vizuri. Mhusika ametulia.

Tabby hakubonyeza. Alienda kwa Eddie.

"Boss, huyu mtoe. Ni bro yangu. Aliaga."

Eddie alitazama. Hakuwa mtu mbaya. Matanga ya Gerishon alihudhuria na akabeba viti. "Pole tena, Tabby. Lakini simu iko on."

"Mwenyewe hayuko on."

"Hakuna mahali pa kuandika hivyo. Kuna waliobaki mjini na kuna waliorudi. Yeye si amerudi?"

Tabby alijua ripoti hiyo ilikuwa ya nini. Kulikuwa na shirika lililotaka kuelewa kama waliofutwa kiwandani wanahitaji madaktari wa kifua. Wakionekana wamerudi makwao wakatulia, madaktari hawaji. Wenzake Gerishon walikuwa bado wanakohoa, kila mmoja kwenye boma lake.

"Mwambie mathe azime simu," Eddie akasema. "Ikizimwa, anatoka mwenyewe."

Jumapili, baada ya kanisa, Tabby alifika Ngoliba. Mama yake alikuwa ameketi kando ya kaburi anachambua ndengu. Simu ilikuwa juu ya kigoda, waya wake umeingia kwenye sola.

"Maitu, hii simu tuizime."

"Imekosa nini?"

"Kazini wanamhesabu Gerishon na walio hai."

"Hata mimi," mama akasema.

Akaipangusa kwa ncha ya leso. "Akija jioni huona mwanga wake, akajua ni hapa. Na amekushtaki kwangu. Anasema mnampitisha ofisini kwenu na hakuna anayempa hata chai."

Tabby akaichukua, akaweka kidole kwenye kitufe. Kiooni Gerishon alikuwa na ovaroli ya kazi, anacheka na mtu asiyeonekana pichani. Mama hakumtazama. Aliinamia ndengu zake, akatoa jiwe, akatoa jiwe lingine, kama mtu anayengoja sindano imalize kuingia.

Tabby akairudisha kigodani, kioo kikitazama njia.

Jumatatu akabonyeza "kubali".

Ripoti ilizinduliwa hotelini. Ilisema waliofutwa kiwandani wamerudi mashambani na wametulia. Jalada lake lilikuwa na picha nzuri, udongo uliolainishwa na maua ya njano kwenye jua la jioni, na wageni wakaipigia makofi. Madaktari hawakuja. Muda si muda wenzake Gerishon wakaanza kupita ofisini nao, mmoja baada ya mwingine, wamevaa suti, mikono mitupu. Muasya akatandika gunia la pili.

Siku hizi Tabby huenda kazini na thamosi kubwa. Gerishon hunywa akiwa amesimama.

"Sukari umezidisha."

"Kunywa unyamaze."

Hunywa, hukohoa, hurudisha kikombe, huenda. Tabby huokota nyuzi za pamba mwenyewe kabla Muasya hajafika na ufagio.

Na wewe, usiniambie pole. Unaye mmoja aliyerudi ushago. Unaona picha zake, unabonyeza kamoyo kekundu, unapita. Mpigie. Usimwandikie, mpigie. Asiposhika, piga tena. Akishika mtu mwingine, uliza mwenye simu yuko wapi, na usikubali kuambiwa ametulia. Kisha nenda ukasimame kwenye lango la kiwanda alikotoka, uulize swali hilo hilo kwa sauti mpaka mtu atoke nje kukujibu.

Simu unayo mkononi. Piga sasa.