Ale Anachotaka

Wakonyo alijua kuna jambo daktari wa Thika anamficha. Tangu donge la damu lionekane ndani ya moyo wa mumewe, Gachau, miezi mitano iliyopita, maisha yao yalikuwa ya vipimo tu: damu ipimwe kila wiki mbili, warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ipunguzwe au iongezwe, na kwa kuwa mboga za majani huvuruga dawa hiyo, sukuma wiki isizidi kijiko kile kile. Mlinzi wa sahani alikuwa Wakonyo mwenyewe. Halafu siku moja mke wa mwanawe, Nelima, akamrudisha mzee kutoka kliniki hadi nyumbani kwao Gatongora na pakiti ya dawa mpya, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Mum, hii haitaki kupimwa damu kila saa. Na daktari amesema baba ale anachotaka."

Kwao Wakonyo alikozaliwa, Gatuanyaga, maneno hayo yana maana moja tu. Dada yake aliambiwa ale anachotaka, na alikufa kabla hajammaliza hata kuku aliyechinjiwa.

Hakuuliza kitu. Ya nini kumwuliza anayekudanganya? Alichunga tu. Nelima akipigiwa simu, anatoka nje. Karanja, mwanawe, ambaye zamani alirudi usiku, sasa anafika mapema na kuketi na babake. Dalili ya mvua ni mawingu. Na mzee naye, maskini, anamaliza bakuli zima la mboga za managu huku akisifu mpishi! Kikulacho ki nguoni mwako, Wakonyo aliwaza, akimtazama Nelima akifungua pakiti.

Mkobani mwake vilibaki vidonge vya warfarin. Kama wao wamekata tamaa, yeye hajakata. Kila jioni Nelima akishampa mzee kidonge kipya, Wakonyo alimletea chai na kimoja cha zamani.

"Meza, Baba Karanja. Hii ndiyo dawa."

Gachau, ambaye hajawahi kubishana na mkewe akashinda, alimeza.

Siku ya tisa ufizi wake ulivuja damu tangu asubuhi, na kufikia saa nne taulo ya pili ilikuwa imelowa. Wakamkimbiza Thika.

Daktari yule yule alisoma majibu ya maabara, akainua macho. "Huyu amepewa pia ile ya zamani. Zote mbili pamoja zinaua. Nani anampa dawa nyumbani?"

Karanja alimgeukia mkewe. "Nelima?"

"Mimi nampa moja tu. Haki ya Mungu!"

"Ni nani mwingine anashika dawa?" daktari aliuliza.

Nelima alianza kulia. Kunyamaza kungekuwa rahisi, lakini Wakonyo alisogea mbele.

"Ni mimi," alisema. "Mlisema ale anachotaka. Nikajua mmemwacha afe."

Daktari alishusha pumzi. "Mama, dawa mpya haigombani na mboga, ndiyo maana nikamruhusu. Picha ya wiki jana inaonyesha donge limebaki dogo sana. Mzee anapona. Shukuruni mmemleta mapema, hii damu tutaizuia."

Wakonyo alitoa pakiti ya zamani mkobani, akamnyooshea Nelima.

Nelima alirudisha mikono yake nyuma.

"Mpe daktari, Mum," alisema. "Mpe watu wakiona, nisije nikashukiwa tena."