Kengele Mfukoni mwa Mteja

Kinyozi aliamka na furaha ya mtu anayeaga kazi. Jioni ya siku hiyo angemrudishia mwenye nyumba ufunguo wa saluni, na kuanzia kesho yake angeshinda nyumbani akinunua na kuuza hisa kwenye simu, miguu juu ya stuli. Wateja walikwisha kumbandika jina la Bosi Hisa, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Mkewe hakulipenda hata kidogo. "Baba Watoto, kila jioni unaniambia umepata faida," alisema akimmiminia chai. "Mbona haijawahi kuvuka kizingiti cha mlango huu?"

"Iko kwenye mzunguko."

"Saluni ndiyo inayotulisha. Ukirudisha ufunguo tutakula nini, mzunguko?"

Kinyozi akamwona mkewe hajui mambo ya kisasa, akainywa chai yake harakaharaka na kuondoka.

Kusema kweli, saluni yenyewe ilikuwa imekonda. Nani atamvumilia kinyozi anayekuacha na nywele upande mmoja, eti bei imepanda? Fundi viatu wa jirani aliwahi kungojeshwa kitini mpaka shavu lililonyolewa likaota ndevu upya, au ndivyo anavyosimulia mwenyewe. Basi siku hiyo ya mwisho alikuja mteja mmoja tu, bwana mgeni mwenye shati lililonyooshwa kwa pasi na tumbo la mtu asiyedaiwa na yeyote.

Kinyozi akamfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine, akaunyoa upande wa kushoto wote. Mara simu ikatetemeka kwenye rafu ya kioo. Hisa za kampuni ya saruji zilikuwa zimeshuka.

"Samahani mzee, dakika moja tu," akasema, akanunua.

Ting! Kengele ikalia chini ya kitambaa.

Bei ikapanda kiduchu. Akauza upesi, akajipongeza kwenye kioo.

Ting!

"Mzee, una ujumbe."

"Achana nao, ni kamisheni hiyo," mgeni akasema, akijinyoosha. "Mimi ni dalali wa hisa. Mteja akinunua, napata changu. Akiuza, napata changu. Na kuna mmoja, sura yake sijawahi kuiona, alijiandikisha kwa simu tu. Huyo Mungu amzidishie umri! Hatulii. Ananunua, anauza, ananunua, anauza, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Wanangu wanasoma kwa kidole chake."

Mashine ikamwia kinyozi nzito mkononi. "Lakini si naye anapata faida?"

"Anapata vijisenti vyake. Halafu kuna ada ya kununua, kuna ada ya kuuza, na kuna ile tofauti. Bei ya kununulia siku zote iko juu ya bei ya kuuzia. Ukinunua na kuuza papo hapo, umeshapunguka. Yote tumeyaandika, ila kwa herufi za sisimizi, na hawa watu hawasomi."

Kinyozi hakutaka kuamini. Akageukia rafu, akanunua hisa chache kabisa za kampuni ambayo hata hakujua inauza nini.

Ting!

Akaziuza palepale.

Ting!

"Umesikia?" dalali akacheka mpaka kitambaa kikatikisika. "Ndiye huyo huyo!"

Miezi yote hiyo kinyozi alikuwa akitazama zile namba za kijani za faida tu. Sasa akafungua ukurasa wa salio. Lilikuwa nusu ya alichoweka. Alimkumbuka mkewe na birika la chai, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka moto. Kisha ikaja hasira. Akazima mashine.

"Tayari, mzee. Nimemaliza."

Dalali akajitazama kwenye kioo. Kushoto upara, kulia kichaka. "Mbona nusu?"

"Bei iliyobandikwa ukutani ni ya nusu kichwa. Zaidi ya hapo kuna ada ya kukaa, kuna ada ya kuinuka, na kuna tofauti kati ya kichwa ulichokuja nacho na kichwa utakachotoka nacho."

"Huu ni wizi wa mchana!"

"Yote yameandikwa. Kwa herufi za sisimizi."

Dalali akaitazama simu iliyokuwa kwenye rafu, akamtazama kinyozi. Kicheko kikamwishia mdomoni. "Ni wewe?"

"Ni mimi. Watoto wanaendeleaje shuleni?"

Dalali alilipa kila ada bila kubisha, maana nje kulikuwa na watu na kichwa chake bado kilikuwa nusu. Kinyozi akamnyoa upande uliobaki, tena vizuri.

Jioni mkewe akaja. "Mwenye nyumba amenituma nimpelekee ufunguo."

"Mwambie kesho nafungua mapema."

Simu ikatetemeka kwenye rafu. Mkewe akaitupia jicho, akamgeukia. "Bei inapanda hiyo," akamchokoza.

"Ipande tu." Akamwekea mkononi noti za kichwa kimoja. "Faida ya leo ni hii. Nisamehe, Mama Watoto."

Mkewe akazikunja noti kiganjani, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Na ile nyingine, iliyokuwa kwenye mzunguko?"

"Ile inasomesha watoto."

"Wetu?"

Kinyozi akachukua ufagio.