Kadi ya Feni Tatu

Rusul alinikuta nimelala kwenye kochi la kwetu, akanivuta mguu.

“Amka. Laptopu imekufa.”

“Innalillahi. Maziko lini?”

“Sitanii, Dhirgham.”

Kweli hakuwa anatania. Jana yake umeme wa taifa ulirudi kwa kishindo, kama unavyorudi siku zote, ukaichoma laptopu yake iliyokuwa inachaji. Siku nyingine angelia kidogo akanyamaza. Lakini kampuni moja ya fanicha ya Amman ilikuwa imempa jaribio: achore sebule, atoe picha tatu za kuvutia, ziwafike kabla ya saa kumi na moja jioni. Leo. Zikiwafika na wakizipenda, atapata kazi ya kufanyia nyumbani, mshahara kila mwezi. Zikichelewa, wapo wengine wengi wanaoisubiri nafasi hiyo.

Rusul ni binti wa mama yangu mdogo. Ana shahada ya usanifu majengo na miaka miwili ya kukaa nayo nyumbani. Mimi ninayo nusu ya shahada ya kompyuta, nusu nyingine tuligombana. Ila Sina'a, mtaa wa kompyuta hapa Baghdad, naujua duka kwa duka. Ndiyo maana aliuvuta mguu wangu.

“Mchoro uko wapi?”

“Kwenye flashi, mzima. Nataka mashine ya kuutolea picha. Mama kapewa zamu yake ya mchezo wa upatu mapema, wenzake wamemrusha mbele. Karatasi tano, basi. Hakuna ya sita.”

Karatasi ni dola mia. Kwa karatasi tano unapata kompyuta nzuri Sina'a, lakini kila kifaa unakipigania.

Huko Sina'a tukapanda ghorofani kwa Abu Karrar, muuza vifaa. Duka lake dogo, maboksi hadi darini, baridi kama chumba cha maiti kwa sababu analipia laini ya dhahabu, ile ya jenereta isiyozimwa usiku wala mchana. Abu Karrar aliponiona tu akavuta droo yake ya pesa karibu.

“Huyu kaja kununua au kaja kunipotezea wateja?”

“Leo nina mteja, haji. Huyu ni dada yangu, mtoto wa mama mdogo, na ana haraka.”

“Mwenye haraka ndiye ninayempenda.”

Vya kwanza vilikwenda vizuri. Prosesa iliyotumika ila safi. Mazabodi ya kawaida. Ramu mbili. Kasha la bati lililobonyea ubavuni, kalipunguzia bei kwa aibu. Rusul alikuwa anahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Ikabaki karatasi mbili na chenji, na vitu viwili: kadi ya picha na ile betri kubwa ya kushikilia mashine umeme ukikatika.

Hapo ndipo Abu Karrar alipoinama chini ya meza akatoa kadi ya feni tatu.

Jamani, ile kadi. Ndefu kama mkono, nzito. Ilishafanya kazi ya kuchimba sarafu za mtandaoni huko ilikotoka, sasa imestaafu, inauzwa nusu ya bei.

“Hii,” nikasema. “Hii na hakuna nyingine.”

“Ile ndogo?” Rusul akaonyesha kadi ya feni moja kwenye kioo. “Nikichukua ile, betri inapatikana.”

“Ile ndogo utasubiri picha moja mpaka uote mvi. Hii inakutolea zote tatu kabla chai haijapoa. Ukishamaliza mapema, betri ya nini?”

“Ya umeme ukikatika.”

“Umeme utakatika baada ya wewe kumaliza.”

“Wewe ndiye waziri wa umeme?”

Abu Karrar akasafisha koo. “Binti yangu, mimi nauza vyote, sina upande. Ila kadi kama hii kesho huikuti. Na dhamana yangu unaijua, ni ya kupima. Tunaiwasha hapa, unaiona kwa macho yako. Ukishavuka mlango, ni yako na Mungu wako.”

Ndiyo dhamana ya Sina'a yote hiyo, hakuna anayeibishia. Akaichomeka, Rusul akaweka flashi, akabonyeza. Feni tatu zikavuma. Ile sebule ikaanza kutokea kwenye skrini, kona kwa kona, kochi, zulia, dirisha. Rusul aliinama mpaka pua ikakaribia kioo. Sijawahi kumwona anaangalia kitu hivyo.

“Inakula umeme kiasi gani?” akauliza, bila kugeuka.

“Inakula, lakini inafanya kazi,” Abu Karrar akajibu. “Kama wanangu, ila wao wanakula tu.”

Tukacheka. Rusul akafungua mkoba, akatoa karatasi za mwisho. Tukavuka mlango.

Mchana ulikuwa umeshakomaa tulipofika kwao. Joto lile ambalo hata mbwa hawabweki. Mama mdogo Nidhal alikuwa ameshatandaza mkeka sebuleni, mbele ya kipoza hewa, nikafunga mashine palepale, na skrini na kibodi vyao vya zamani. Umeme wa taifa ulikuwepo. Nikawasha, ikawaka mara ya kwanza, nikainua mikono kama mfunga bao.

“Punguza mbwembwe,” Rusul akasema. “Sogea.”

Picha ya kwanza ilitoka haraka mno. Hata mama mdogo aliacha kukata bamia akaja kuangalia.

“Hii nyumba ya nani?”

“Si ya mtu, mama. Nimeichora.”

“Mapazia yake mazuri. Ukiolewa weka hayo.”

Picha ya pili ilikuwa nusu, umeme wa taifa ukakatika.

Skrini ikawa nyeusi. Feni tatu zikazunguka kivivu, zikasimama.  Rusul alinigeukia tu, na ningependelea anitukane.

“Jenereta inakuja sasa hivi,” nikasema. “Ya kwanza tunayo, tunaanza upya ya pili. Muda upo.”

Jenereta ya mtaa ikakohoa huko kiwanjani, ikashika. Taa zikawaka. Tukawasha mashine, Rusul akafungua mchoro, akabonyeza. Feni tatu zikavuma, na nyumba nzima ikazimika.

Hapo ndipo akili ilipoturudia, sote kwa pamoja. Kwa mama mdogo Nidhal wanalipia ampea mbili za jenereta. Friji, kipoza hewa, taa, basi, mbili zimekwisha. Kadi tuliipima kwenye laini ya dhahabu ya Abu Karrar, mahali ambapo umeme haukatiki wala hauhesabiwi. Watu wawili tuliozaliwa Baghdad, na hakuna aliyesema neno ampea.

Ukizidisha, kinachokata si kitu cha nyumbani. Ni breka yako kiwanjani, kwenye ubao wa Hamoudi, mwendesha jenereta. Inabidi umpigie, ainuke kwenye kiti chake, aiinue. Mama mdogo akapiga.

“Hamoudi mwanangu, tumekatika.”

Sauti yake ikasikika mpaka kwangu. “Mnachomelea mageti huko? Haya, naiinua. Ila mnajua sheria, mama. Mara ya tatu siiinui mpaka kesho.”

Tukazima kipoza hewa. Tukazima friji, mama mdogo akaifunika blanketi ili ubaridi usitoke. Ikabaki mashine, skrini na modemu. Rusul akafuta jasho, akabonyeza. Ikaenda. Kochi likatokea, zulia likatokea. Nikaanza kupumua. Kadi ikapandisha pumzi ilipofika kuchora kivuli cha dirisha, na nyumba ikazimika tena.

Mama mdogo akapiga simu. Hamoudi akaiinua breka, akakata simu.

“Bado moja,” mama mdogo akasema, akaenda kukaa kwenye ngazi, kwa sababu sebuleni palikuwa tanuri.

Rusul aliketi mbele ya mashine, haigusi. Saa tisa ilikuwa imepita. Jasho linamdondoka kidevuni mpaka kwenye kibodi.

“Nikikosea sasa,” akasema, “ndiyo basi.”

“Jaribu tu, labda safari hii...”

“Dhirgham. Usiseme labda.”

 Akafungua ile programu ya kuiendesha kadi, akatafuta, akakuta mstari wa kuipunguzia ulaji. Akauvuta kushoto mpaka nusu. Akaufikiria. Akauvuta kidogo tena. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe akakiacha pale, na mimi nikajikuta nimeshika ukuta.

Akabonyeza.

Feni zikavuma kwa unyonge, kama mtu anayeimba huku anaumwa jino. Picha ikaanza kuja taratibu. Taratibu mno. Kwenye kile kivuli cha dirisha wote tuliacha kupumua. Ikapita. Tulikaa tunaitazama sebule ya baridi yenye mapazia mazuri, tumelowa kama tumetoka mtoni. Ya pili ikaisha. Akaituma pamoja na ya kwanza, akaanzisha ya tatu.

“Itawahi?” nikauliza.

“Kwa mwendo huu, kwa unywele mmoja.”

Ilikuwa imevuka nusu, ndipo balbu ndogo nyekundu juu ya mlango ikawaka.

Kila nyumba mtaani inayo balbu hiyo. Ikiwaka, umeme wa taifa umerudi. Nje watoto wakashangilia, mlango mmoja ukafunguliwa, mwingine ukafunguliwa, mtaa mzima unamshukuru Mungu. Sisi tulikuwa nyumba pekee iliyopauka. Maana umeme wa taifa ukirudi, Hamoudi anazima jenereta. Hapotezi hata kijiko cha dizeli. Akizima, mashine yetu isiyo na betri inazimika nayo, hata tukihamia taifa papo hapo, na ya tatu inaanza upya, na muda wa kuanza upya haukuwepo.

Mama mdogo alikuwa ameshapiga simu. Haipokelewi. Kumbe ameiacha kwenye kiti, yuko kwenye jenereta, na mngurumo unaimeza.

Nilitoka na kandambili za mama mdogo. Moja ilibaki kwenye kona ya kwanza.

Hamoudi alikuwa ameshashika kishikio cha kuzimia.

“Usizime!”

Akanitazama, mguu mmoja peku, nahema. Akatabasamu, ila mkono hakuutoa. “Leo umekuja na ipi?”

“Rusul ana kazi kwenye mashine. Ukizima inapotea. Muda mdogo tu, ndugu yangu.”

“Mwezi uliopita ulinipigia kwa sauti nzito ukasema mkaguzi wa manispaa anakuja. Nikafagia kiwanja. Nikavaa tai, Dhirgham. Tai, kwenye joto hili. Nikasimama getini mpaka magharibi.”

“Najua.”

“Majirani wakanipiga picha.”

“Najua. Hii si hiyo.”

“Na ile pia ulisema si hiyo.”

Nilitafuta maneno. Mimi, mtu wa maneno. Nikaeleza Amman, picha tatu, kadi, ampea. Kadiri nilivyoeleza ndivyo lilivyozidi kufanana na uongo wangu wowote. Kampuni ya fanicha, binti, saa inakwenda. Hata mimi nisingejiamini. Kishikio kikaanza kushuka.

“Apa kwa Abbas,” akasema ghafla.

Hapa kwetu mtu anaweza kuapa kwa Mungu akiuza tikiti bovu, na Mungu ni mwingi wa msamaha. Kwa Abbas, shahidi mtukufu anayesemwa humwadhibu papo hapo mwenye kiapo cha uongo, haapi mtu akicheza. Nimefanya utani wa kila aina, na kila mtu mtaani anajua kwamba nikiambiwa niape kwa Abbas huwa nacheka, naondoka, utani umeishia hapo. Ndiyo njia yao ya kunikamata.

Hamoudi alikuwa anasubiri nicheke.

Niliinua mkono wangu wa kulia.  “Kwa haki ya Abbas, Hamoudi, ni kweli.”

Akakiachia kishikio kama kimemuunguza.  Akavuta kiti chake, akakaa, akanipa chupa ya maji. Jenereta ikaendelea kunguruma peke yake, mtaa mzima ukila umeme wa taifa, dizeli inaungua kwa ajili ya sebule moja. Mzee mmoja akachungulia ukutani kuuliza kulikoni. Hamoudi akamwambia kishikio kimekwama.

Niliitazama simu yangu mpaka macho yakauma. Hatimaye ikatikisika.

“Imetoka,” Rusul akasema. “Nimeihifadhi. Mwambie azime, nihamie taifa nitume.”

Nikampungia Hamoudi. Kimya kilichoanguka kilikuwa kizito kuliko kelele. Nikarudi mbio kwa kandambili moja.

Rusul alikuwa ameshawasha tena mashine kwa umeme wa taifa, inajiamsha polepole kama inamkomoa. Akatuma. Mstari wa kupakia ulitambaa, ukasimama, ukatambaa. Ulipofika mwisho zilikuwa zimebaki dakika chache, na mama mdogo alikuwa amemshika bega binti yake bila kujua aulize nini.

Jibu la Amman lilikuja tukiwa bado tumekaa palepale. Zote tatu zimefika. Wamezipenda. Jumapili aanze.

Rusul alilisoma, akampa mama yake simu, akaweka paji la uso mezani. Mabega yakawa yanacheza. Nilidhani analia, nikainama kuangalia. Alikuwa anacheka, au vyote viwili.

“Kadi yako hiyo,” akasema akiwa bado kainama, “utaiuza wewe mwenyewe. Kesho asubuhi. Nami nipo pembeni nasikiliza unavyoisifu.”

Getini akagonga mtu. Hamoudi, mikono myeusi kwa dizeli, kandambili ya mama mdogo imening'inia kidoleni.

“Nimechoma mafuta yangu,” akasema. “Nataka kuiona hiyo sebule.”

Rusul akamgeuzia skrini. Hamoudi akasogea, akaitazama kwa muda mrefu. Kochi, zulia, mapazia. Taa za darini, taa za ukutani, taa ya kusimama pembeni ya kochi, nyingine chini ya rafu, zote zinawaka, na jua bado liko dirishani.

“Nzuri,” akasema. Kisha akakuna shingo. “Wenye sebule hii wanalipia ampea ngapi?”