Tanzia Baada ya Muziki

Mwanamina alicheka hewani saa sita mchana, na maiti ya baba yake ikiwa imelazwa nyumbani kijijini Umwe. Alicheka vizuri, maana ndiyo kazi aliyokuwa amebakiziwa.

Redio Bondeni ya Kibiti imebadili mavazi kuliko bwana harusi mwenye mbwembwe. Mzee Mwinyimvua aliianzisha katika chumba kilichopakana na mashine ya kusaga, akipiga taarabu na dansi la zamani, unga ukiingia mpaka kwenye kanda. Hakuwa na mfadhili wala chama. Taarabu ilipokosa wenye matangazo ikaja bongo fleva, nayo ikasukumwa kando na singeli. Katika misukosuko yote hiyo jambo moja halikuguswa: kipindi cha mchana kilifunguliwa kwa tanzia, Mwanamina akizisoma taratibu, ndipo muziki ukafuata. Wakata mikoko wa delta hukaa kambini, simu hazishiki, na redio ndiyo iliyowaambia nani amefariki na atazikwa lini.

Mzee alipokufa, mwanawe Bashiru alirudi kutoka Dar es Salaam na mpango wake wa burudani tupu. Vifo, alisema, vinafukuza matangazo. Tanzia zikaondolewa kimyakimya, bila msikilizaji kuambiwa neno. Watangazaji wawili walibisha, wakaonyeshwa mlango. Mwanamina alifyata mkia, akabaki, akafundishwa kutabasamu anapoongea, ati tabasamu husikika.

Sasa baba yake alikuwa amefariki alfajiri, na mwanawe wa pekee wa kiume, Twalibu, alikuwa huko kwenye mikoko. Hakuna aliyejua kambi yao imehamia mkondo gani, hata atumwe mtu kumfuata. Wazee walikubali kungoja mpaka kesho asubuhi, si zaidi. Mwanamina akaacha kilio nyumbani, akapanda bodaboda kwenda Kibiti.

"Bosi, niruhusu nianze na tanzia ya baba," alimwambia Bashiru. "Nikishaisoma nitacheka utakavyo."

"Pole sana, Mwanamina. Lakini ukifungua kwa msiba, nani atabaki? Isome mwishoni. Na mwanzo uwe kama kawaida."

Alimchukia wakati ule kuliko alivyowahi kumchukia mtu, akaingia studio. Alifungua kwa kicheko, akawatania wavuvi na wake zao, akapiga singeli moja baada ya nyingine huku machozi yakimlowesha ushungi. Mwisho wa kipindi akaisoma tanzia kama enzi za Mzee, akamtaja Twalibu kwa jina, akarudia. Akatoka amepoa moyo kidogo, akiamini ndugu yake ameshaanza safari.

Asubuhi waliomboleza wakitazama barabara. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo iliwainua watu vichwa. Mwishowe wazee wakasema inatosha, jeneza likabebwa, na Mwanamina akabaki uani na wanawake wenzake mpaka sauti za wanaume zikapotelea makaburini.

Twalibu alikuja matanga yameshaanuliwa. Alikuwa na kikapu cha kamba wakavu aliomletea baba, na habari alikuwa amepewa stendi na mtu wa kupita tu. Mwanamina alimpokea kwa kilio, akamuuliza kama hakusikia redio.

"Nilikusikia, dada. Siku ile pia nilikusikia," alisema. "Tanzia si zinakuja mwanzo? Kila siku nafungua saa sita. Nikikuta unacheka najua kwetu hakuna msiba, nazima, betri zisiishe."

"Niliisoma mwishoni, Twalibu."

"Mwishoni?" Alimtazama kama anayesemeshwa lugha ya ugenini. "Nani anamweka maiti mwishoni?"

Twalibu akaweka kikapu chini, akamuuliza baba amezikwa upande gani. Mwanamina hakujua, kwa kuwa wanawake hawakwenda makaburini. Ikabidi amwite jirani amwonyeshe njia.