Jokébed Anajifunza Kusimama

Mwezi wa pili wa mwaka 2002, Jokébed aliinuka ghafla kitandani, akaona giza, akaanguka akiwa na mjukuu mikononi. Ariel, mtoto wa wiki tano, aliangukia godoro na hakuumia. Tangu asubuhi hiyo Hulda hakumpa tena mama yake mtoto.

Jokébed alikuwa ametoka Musienene kuja Bungulu, mjini Beni, mashariki mwa Kongo, kwa kazi moja tu: kumsaidia binti yake aliyejifungua. Sasa vita vilikuwa vimefunga njia ya kurudi. Mpango wa kukimbia nao ulijulikana. Risasi zikilia, Malachie, mume wa Hulda, angebeba chakula na blanketi. Hulda angembeba Agar, wa miaka mitatu. Bibi angembeba Ariel. Baada ya kuanguka kule, hakuna aliyejua nani angembeba Ariel, wala nani angemshika bibi.

Hulda alimpeleka kwa Eliane, muuguzi wa zahanati ya jirani. Eliane alimpima shinikizo la damu akiwa amelala, kisha akiwa amesimama.

"Ukilala, mia moja makumi tatu. Ukisimama, makumi tisa. Damu inabakia ku miguu, kichwa inakosa. Njo maana unaanguka."

"Unipe dawa, mwanangu."

"Dawa hapana, mama. Hata ingekuwako, leo singekupatia. Unakunywaka mayi vikombe ngapi kwa siku?"

"Chai, asubuhi."

"Na kisha?"

"Njo ile tu."

Hulda alishtuka. "Mama! Na ile mayi nakuleteaka saa sita?"

"Naimwangaka ku ndizi. Haujaona vile ile ndizi yenu inanenepa?"

Eliane alicheka, kisha akangoja. Jokébed alitazama mlango.

"Choo iko mbali, nyuma ya parcelle, ku mwisho wa kiwanja," alisema. "Usiku baaskari banapita pale."

"Si nilikupatia ndoo?" Hulda aliuliza.

"Ndoo? Ku nyumba ya mukwe? Asubuhi nipite nayo mbele ya Malachie?"

Kwao, mama na mume wa binti yake huheshimiana kwa kuepukana. Jokébed alikula chumbani mwake, na Malachie alikohoa kabla ya kuingia uani. Kiu aliweza kuivumilia. Aibu ile, hapana.

Eliane alimsikiliza moyo na kumbonyeza miguu kuona kama imevimba. Halafu alitoa maagizo. Anywe maji mchana kutwa, na apunguze jioni. Maharage yake yatiwe chumvi kidogo zaidi. Ale mara nyingi, kidogo kidogo. Upande wa kichwa wa kitanda uinuliwe kwa vipande vya mbao. Asiinuke kwa mara moja: aketi kwanza, anywe maji, ainue visigino na vidole mara ishirini, ndipo asimame; na giza likija, aketi tena bila kuona haya.

"Na ndoo?" Hulda aliuliza.

"Ya ndoo mutasikilizana ku nyumba. Mimi niko muganga, siko pasta."

Jioni Hulda alimweleza mumewe. Kesho yake Malachie alikata mlango mdogo katika ukuta wa nyuma wa chumba cha mama mkwe, akachimba choo hapo hapo, akakizungushia mbao. Kisha akapaza sauti, akijua ukuta ni mwembamba.

"Hulda! Ule upande wa nyuma, mimi sitafika kule tena. Hata kuku yangu haitafika."

"Hulda," sauti ilijibu kutoka ndani, "umuambie bwana yako: wasingya, aksanti. Lakini kuku yake iko huku tayari."

Wiki ya tatu baada ya kwenda zahanati, alfajiri, risasi zililia upande wa barabara kubwa. Hulda alimfunga Agar mgongoni, akamshika Ariel mikononi.

"Mama, inuka! Unabakia wewe tu!"

"Nitakaa kwanza."

Jokébed aliketi ukingoni mwa kitanda. Alikunywa kikombe kizima cha maji. Aliinua visigino na vidole, mara ishirini.

"Mama, risasi hazitakungojea!"

"Basi zitangulie."

Alisimama, akashika ukuta, akangoja. Giza halikuja.

"Lete mutoto."

Hulda alimtazama usoni, halafu miguuni. Nje, Malachie, aliyekuwa amegeuza mgongo kwa heshima, alisema:

"Hulda, umupe. Tunaenda."

Walikaa katika mashamba ya kahawa hadi saa sita, milio ilipokoma na majirani wakaanza kurudi. Jokébed aliinuka wa mwisho, polepole, Ariel akiwa mgongoni. Walipofika uani, Hulda alinyoosha mikono kumpokea mtoto.

"Umuache," alisema Jokébed. "Amelala."